Bwana Afya Alipokuja kwa Mama Kutafuta Kiwanda

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Mulembe! Mulembe sana kwako, na mulembe kwa kila mtu aliyeketi hapo jikoni akisikiliza, maana najua barua yangu haisomwi kabla watu hawajajaa. Na wewe wifi yangu Roselida unayeisoma, mulembe mara mbili kwa ajili ya koo lako. Kunywa maji kwanza, leo ni ndefu. Tena nakuomba usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali ambapo mume wako ametajwa. Wafula ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, nitamtaja ninavyotaka.

Mama, goti linasemaje? Nimesikia uliacha kwenda mtoni, kisha ukaanza tena siku ya tatu. Nani alikwambia goti hupona kwa siku tatu? Na yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Mahindi yamepata mvua ya kutosha? Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako Nanjala ameingia darasa la tano na ana maneno mengi kuliko redio. Juzi aliniambia chai yangu haina adabu. Sijui hata maana yake nini, lakini nilimpa nyingine.

Sasa nijibu barua yako. Imefika Jumanne pamoja na debe dogo la simsim, mkononi mwa kondakta wa basi, na simsim haikupungua hata kidogo. Barua ilikuwa na maneno machache: "Mtu wa serikali alikuja na pikipiki akitafuta kiwanda chako. Nimempa chakula. Nekesa, umeiba nini huko Nairobi?"

Mama, nilicheka mpaka Mama Njeri akaja mbio kuona kama nimeungua. Mama Njeri ni yule jirani yangu wa Nyeri niliyekuandikia habari zake, ninayechoma naye biskuti. Nilimsomea, naye akaketi juu ya gunia la unga akacheka akishika mbavu. Ulingoja simsim ikauke ndipo utume barua, kwa hiyo mimi nilipata jibu kabla ya swali. Yule mtu wa pikipiki najua alikuwa nani, najua alitumwa na nani, na najua ni kosa la nani. Ni kosa langu. Sijaiba kitu. Keti vizuri nikueleze.

Unajua biskuti zangu za chumvi. Unga wa ngano, mafuta, chumvi, na simsim yako juu, nyembamba, zinavunjika zikigusa jino. Mwanzo nilikuwa nikiziuza kwa kikapu pale stendi ya basi, zikiwa zimefungwa ndani ya majuala ya plastiki. Watu wa Nairobi wamechoka na biskuti za sukari, Mama. Mtu akitoka kazini anataka kitu cha chumvi na chai ya rangi. Vijana wa pale stendi waliniita jina, "Mathe wa Chumvi", na mmoja alikuwa akinunua mbili kila jioni akisema, "Mathe, hizi ni fiti, lakini mbona juala ni dogo hivi?" Tatizo lilikuwa askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Hao wakija, hakuna biskuti wala heshima. Unabeba kikapu unakimbia, na mwanamke wa umri wangu akikimbia kila mtu anageuka kutazama. Mara mbili kikapu kilienda na gari lao. Mara ya tatu niliokoa kikapu nikaacha kiatu.

Ndipo tukampata Bwana Yusuf. Ana duka la jumla huko Eastleigh, na malori yake yanapeleka vyakula mpaka Kisumu, mpaka Meru, mpaka Garissa. Mama Njeri hununua unga kwake. Siku moja tulienda wote wawili, akamwekea biskuti mbili juu ya kaunta. Bwana Yusuf alikula moja. Akala ya pili. Kisha akatuuliza, "Nyinyi mna karatasi ya serikali?"

Tukasema hatuna.

"Basi mimi sikuziona hizi," akasema, huku akipangusa chembe kwenye ndevu. "Leteni karatasi. Pakiti zote ziwe na uzito mmoja, gramu mia moja, si moja nene na nyingine nyembamba. Kila pakiti iwe na lebo inayosema ndani kuna nini na imetoka kwa nani. Mkija na karatasi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, nitawapa nafasi kwenye lori. Mkichelewa, kuna mtu wa viazi vya kukaanga anaitaka nafasi hiyo hiyo."

Mama, hapo ndipo moyo wangu ulipopata kazi. Kuuza dukani bila kukimbia! Biskuti yangu ilale Garissa, mimi nilale Umoja, na viatu vyangu viwili! Sikutaka kitu kingine mwaka huu wote. Tukapanga kile chumba cha pembeni ambacho mwenye nyumba alikiongeza, tukaenda kwa mafundi wa jua kali wakatutengenezea oveni ya makaa kwa pipa, tukajifunza kuziba majuala kwa mshumaa na kipande cha msumeno. Unakunja mdomo wa juala juu ya msumeno, unapitisha moto kwa pembeni haraka, linajiziba. Ukichelewa kidogo linatoboka, na vidole pia. Vidole vyangu sasa havina alama za kutosha kupiga kwenye kitambulisho.

Kisha nikaenda ofisi ya afya kuchukua fomu ya leseni.

Fomu ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, na mimi nashukuru ulinisomesha mpaka la saba. Niliijaza usiku mmoja tu bila kumuuliza mtu. Jina, nikajaza. Bidhaa, nikajaza. Halafu ikauliza mahali pa kutengenezea. Mama, unajua sisi. Tangu nije Nairobi nimejaza fomu ngapi? Ya shule ya Nanjala, ya nyumba, ya hospitali. Kila moja inataka wilaya, lokesheni, jina la chifu na shule iliyo karibu. Mkono wangu umezoea. Basi ukaandika wenyewe: Wilaya ya Bungoma, lokesheni yetu, chifu wetu, kisha nikaongeza na shule ya msingi iliyo karibu, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikaeleza kwamba ukivuka daraja uulize boma la marehemu Mzee Wanyonyi, kila mtu anapajua. Niliona nimeisaidia serikali.

Nitakwambia ukweli, Mama, maana hatuwezi kucheka tu. Nilipomaliza kuandika nilitazama yale maneno nikajiuliza, hivi ni kweli? Hapo ni kwangu? Unakumbuka nilivyorudi kutoka kwa baba yake Nanjala, mtoto mgongoni na sanduku moja. Tulikuwa tumeketi motoni, na Wafula akasema shamba la Baba lilikwisha kugawanywa kwa wavulana, na kwamba kwao na msichana ni kwa mume wake. Roselida, usishushe sauti hapo, soma tu. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma sheria. Lakini mimi niliyabeba yale maneno ndani ya basi mpaka Nairobi. Na asubuhi niliyoondoka, wewe Mama ulikuwa ukifagia kule mbali kando ya ua, chini ya mti wa lusiola, ukaniaga bila kuinua uso. Niliona labda hata wewe unaona aibu kwa ajili yangu. Miaka minane. Lakini karatasi ya serikali ikiniuliza ninatoka wapi, bado niliandika huko huko. Nikapeleka fomu, nikangoja.

Nilingoja mpaka nikachoka. Mwezi ukaisha, ule mwingine ukaanza. Bwana Yusuf akatuma mtu kuuliza. Mama Njeri akawa anaomba asubuhi na jioni, na Mama Njeri akiomba mtaa mzima unajua. Ndipo nikaitwa ofisini.

Afisa mwenyewe anaitwa Bwana Mwangi. Mfupi, miwani, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Kulikuwa na karani mwanamke akipiga taipu na wanaume wengine wawili kwenye meza zao. Aliniacha nimesimama.

"Nekesa ni wewe?"

"Ni mimi, bwana."

"Kiwanda chako kiko wapi?"

"Kiko Umoja, bwana. Ni chumba kimoja tu, lakini kisafi."

Akavua miwani. "Umoja gani? Hapa umeandika Bungoma. Umeandika jina la chifu. Umeandika mpaka daraja!"

Nikaona kosa langu lote kwa mara moja.

"Sasa nikwambie," akaendelea. "Fomu yako ilitoka hapa ikaenda wilayani. Bwana Afya wa kule akapanda pikipiki, kwa matope, akavuka hilo daraja lako, akaenda kukagua kiwanda. Unajua alipata nini?"

"Sijui, bwana."

"Alipata kuku. Alipata kuku, akapata ugali, akapata mboga na maziwa ya mtindi. Kiwanda hakupata." Akainua karatasi akaipungapunga. "Imeandikwa hapa! Mtu ananiandikia ripoti ya serikali anasema kuku alikuwa laini!"

Karani akaacha kupiga taipu. Mama, kwani ulimchinjia yupi? Usiniambie ni yule jogoo mwekundu.

"Huku ni kuidanganya serikali," akasema, na sasa hakuwa anacheza. "Hii faili naweza kuitupa saa hii, na uanze upya mwakani."

Mwakani! Na lori la Bwana Yusuf lilikuwa linaondoka baada ya siku kumi na mbili. Nilitaka kulia, lakini mimi nikitaka kulia mdomo hunitangulia, unanijua. Nikasikia nikisema, "Samahani bwana, naomba nikuulize. Wewe kwenu ni wapi?"

"Murang'a," akasema, hata hakufikiri.

"Na leo asubuhi umeamkia Murang'a?"

"Nimeamkia hapa Nairobi, Buru—"

Yule karani akacheka kwa pua. Bwana Mwangi akamgeukia. "Wewe unacheka nini? Kwenu ni wapi?"

"Machakos, bwana."

"Uko Nairobi tangu lini?"

"Nilizaliwa Kaloleni, bwana."

Akamuuliza aliyekuwa dirishani. Siaya. Akamuuliza wa kwenye makabati. Kisii. Ofisi nzima ya Nairobi, Mama, haikuwa na mtu hata mmoja wa Nairobi! Wakaanza kutazamana. Yule wa Siaya akasema hata yeye, mkono wake haujui kuandika kitu kingine, akiulizwa mahali anaandika Siaya tu. Bwana Mwangi akarudisha miwani yake polepole, na nikaona kona ya mdomo wake inapigana na kicheko, na kicheko kinashinda.

Alicheka, lakini hakunisamehe kanuni. "Sikiza mama," akaniambia, na hapo ndipo aliponionyesha kiti. "Mtu ana kwao. Biskuti haina kwao. Biskuti haina chifu. Inatoka pale ilipochomwa, basi. Mtoto akila biskuti yako huko Garissa tumbo likamuuma, serikali inataka kujua mlango wa kubisha. Sasa mimi nikabishe kwa mama yako?"

Niliona maneno yake ni ya haki. Mtu akitaka kula chakula chako, ana haki ya kujua mlango wako. Akanipa fomu nyingine. Nilishika kalamu, na mkono ukagoma, nakwambia kweli. Kuandika "Umoja, Nairobi" ilikuwa kama kusema nimehama kabisa, kwamba yale maneno ya motoni yalikuwa kweli. Bwana Mwangi akasema, "Andika, mama, sisi tunafunga saa kumi." Nikaandika. Akaahidi kuja kukagua siku ya Alhamisi.

Ungetuona siku zile tatu! Tulisugua kile chumba mpaka saruji ikaonekana ilivyozaliwa. Tukapaka chokaa. Dirishani tukaweka wavu wa kuzuia nzi, unga tukauinua juu ya mbao usiguse sakafu. Mama Njeri akanunua vitambaa viwili vyeupe vya kichwa, na alipojifunga chake akajitazama kwenye sufuria akasema, "Ngai, Mama Nanjala, nimekuwa nesi!" Hakukivua hata akienda dukani.

Alhamisi Bwana Mwangi akaja na mizani yake ndani ya mkoba. Alipitisha kidole juu ya kabati. Alitazama kucha zetu. Aliuliza maji tunatoa wapi na taka tunapeleka wapi. Kisha akaokota pakiti kumi, mwenyewe, kutoka chini, katikati na juu, akazipima moja moja. Tisa zilikuwa sawa. Ya kumi ilizidi.

"Hii kwa nini ni nzito?"

Mama Njeri akainamisha kichwa. "Ni mimi, bwana. Hiyo nilikuwa nimeweka ya juu. Si unajua mtu akinunua lazima umuongezee kidogo?"

"Pakiti imezibwa! Unamuongezea nani na humuoni?"

"Sasa si ndio maana? Simuoni, sijui kama ana njaa."

Bwana Mwangi akasema sheria inaogopa upungufu zaidi kuliko ziada, lakini uzito ulioandikwa ndio uzito, na akamwomba Mama Njeri awe mchoyo kwa ajili ya taifa. Akafungua ile pakiti nzito ili aonje, kikazi. Alionja pakiti nzima. Kisha akakaa kwenye kigoda chetu, akaandika, akapiga muhuri. Tumepata, Mama! Tumepata karatasi! Mama Njeri alipiga vigelegele vya kwao, nami nikapiga vya kwetu, na majirani wakajaa mlangoni wakidhani kuna mahari.

Wakati wa kuondoka aliniita pembeni akatoa bahasha. "Ile ripoti ya kwenu," akasema, "mimi nilihitaji ukurasa wa kwanza tu. Wa pili hauna kazi ofisini. Nilimwambia karani akupigie nakala. Usome baadaye." Nilidhani ni habari za kuku. Nikaitia kwenye aproni nikaisahau, maana tulikuwa na lebo za kuchapisha na siku chache.

Lebo ni nzuri, utaiona. Rangi ya kijani, na maneno yameandikwa yote kama serikali ilivyotaka: unga wa ngano, mafuta, simsim, chumvi, gramu mia moja. Chini kabisa, herufi ndogo: Zimetengenezwa Umoja, Nairobi. Ile siku lori la Bwana Yusuf lilipoondoka tulisimama First Avenue, pale Eastleigh, mimi na Mama Njeri, tukapunga mikono kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Bwana Yusuf akatuambia turudi nyumbani tuache kuzuia magari. Wiki iliyopita niliingia duka moja la huku Umoja kununua chumvi, na biskuti zangu zilikuwa pale juu ya rafu, zimepangwa vizuri, na mwanamke nisiyemjua alinyoosha mkono akachukua mbili. Nilitaka kumkumbatia. Nilimwuliza tu, "Ni nzuri hizo?" Akanijibu, "Kwani wewe unaishi wapi, hujawahi kuonja?"

Mama, jioni ile nikafua aproni, na bahasha ikaanguka.

Imeandikwa Kiingereza, nakugeuzia maneno kama yalivyo. Roselida, hapa soma polepole. Bwana Afya wa wilaya ameandika hivi:

"Katika boma hili hakuna kiwanda. Hata hivyo kando ya ua, chini ya mti wa lusiola, nilionyeshwa kiwanja kitupu kilichofagiliwa. Nilipouliza ni cha kazi gani, mama mwenye boma alijibu kwamba ni cha binti yake Nekesa, na kwamba kama serikali inataka kiwanda, basi hapo ndipo kitakapokuwa. Anasema amepafagia kila asubuhi kwa miaka minane ili pasiote majani na watu wasahau. Mwanawe mkubwa, Wafula, alikuwepo na alithibitisha kwamba hapo ni pa dada yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipimia kwa hatua: ishirini kwa kumi na tano. Alisema kama zinahitajika zaidi ataongeza."

Mama. Niliketi chini jikoni nikalia mpaka Nanjala akauliza kama biskuti zimeungua. Nikamwambia hapana, zimeiva.

Kwa hiyo ile asubuhi ulikuwa unafagia pangu. Hukuwa unaona aibu. Ulikuwa umekwisha kuanza, hata basi halijafika. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikikumbuka mgongo wako na kuusoma vibaya. Nisamehe. Na wewe Wafula, ndugu yangu, najua umeketi hapo karibu na mlango ukijifanya unatengeneza mpini wa jembe. Nimesikia ulichosema mbele ya serikali. Zile hatua zinatosha, usiongeze. Ila nashukuru, tena sana, na yale ya motoni nimeyatema.

Ile karatasi nimeiweka ndani ya Biblia. Ya leseni imetundikwa ukutani kama sheria inavyotaka.

Ndani ya kifurushi hiki kuna pakiti sita. Moja mpe Senge, dada ya Baba, na umwambie meno yake mawili yanatosha, ailoweke kwenye chai. Moja ni ya mwalimu wa Jumapili aliyeniombea. Moja ya jirani yetu fundi cherehani, aliyenishonea sare ya kwanza ya shule. Moja ya watoto wa Wafula wote, wasipigane. Moja ni yako, usimgawie mtu. Na ya sita, Mama, Bwana Afya akipita tena na pikipiki yake mpe, umwambie kiwanda kimepatikana. Msalimie khocha, kaka yako, na mke wake, na mama mkwe wangu wa zamani ukikutana naye sokoni, maana yeye hakunikosea kitu.

Krismasi tunakuja, mimi na Nanjala, na Mama Njeri ameapa atakuja kumwona kuku aliyeandikwa na serikali. Tutafika kwa basi la usiku, alfajiri. Siku hiyo, Mama, usipafagie pale chini ya lusiola. Niachie ufagio.

Mimi binti yako, wa hapo hapo nyumbani,
Nekesa